Barua Tuliyoandika Kumlalamikia Dada Severa

Ndugu Mgeni rasmi, Daktari Theophil, mkuu wa huduma za magonjwa ya akili, ndugu viongozi wa tawi, wananchi wenzetu:

KUKUKARIBISHA

Sisi mafundi cherehani ishirini na wawili wa Ushirika wa Sindano Moja, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye miguu yote minne. Risala hii inasomwa na mkata vitambaa wetu, Ndugu Bushiri, ambaye ndiye mgonjwa mwenyewe. Tulimchagua kwa kura.

HISTORIA

Mwaka jana, 1975, Ndugu Bushiri alifiwa na mtoto wake wa pekee, wa miaka sita, kwa surua. Baada ya matanga alirudi kazini, akashika mkasi, lakini hakuongea tena. Shikamoo zote zilipita bila marahaba. Mashati mia moja ya sare za shule yalitoka na mikono miwili ya kushoto. Mwalimu mkuu alipoyarudisha ndipo tulipojua mwenzetu anaumwa.

Tukampeleka hospitali. Kwa kuwa mambo yetu ni ya pamoja, tuliingia wote ishirini na wawili, na katibu wetu, Mama Theopista, akafungua daftari la kumbukumbu za kikao.

Mtaalamu wa kwanza, Ndugu Anaeli, alizungumza yeye saa nzima, habari za baba yake na shamba la kahawa kule Machame. Mwishoni alitushukuru, akasema anajisikia nafuu.

Wa pili, Ndugu Kasmir, ni Mnyamwezi, na Bushiri ni Mzaramo. Aliposikia habari za msiba akafanya kama mtani anavyotakiwa kufanya: akajilaza sakafuni kama maiti, akadai kuku wake. Kimila alikuwa sahihi kabisa. Bushiri alitoka nje, akatapika.

Wa tatu, Dada Severa, alitutoa sote, akafunga mlango. Tukachungulia dirishani. Wamekaa tu. Wiki ya pili, wamekaa. Mwezi mzima! Tukasema, hee, huyu analipwa mshahara wa nini? Mama Theopista akakuandikia wewe barua ya kumlalamikia kwa uvivu kazini. Tulisaini wote. Bushiri naye alisaini, kwa sababu karatasi ilimfikia.

MAFANIKIO

Wiki ya sita Bushiri alimwambia Dada Severa, "Leo kuna joto." Wiki ya nane alilia. Siku hizi anaongea nasi, na ameshagombana na Mama Theopista mara mbili kuhusu mkasi. Tulifurahi mno. Mikono ya mashati iko sawa. Kilichobaki ni jina la mtoto, hajaweza kulitamka. Dada Severa alimwambia asiharakishe, atamsubiri.

MATATIZO

Barua yetu ilikufikia. Wiki iliyopita, baada ya miezi saba, tumejibiwa kwamba malalamiko ya wafanyakazi yamezingatiwa, na Dada Severa amehamishiwa Tunduru. Anaondoka Jumatatu. Hatujawahi kusikilizwa namna hii, Ndugu Mgeni rasmi, na tumeumia sana.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi tisa, yakiwemo cherehani mbili, uzi na bati la paa. Kikao cha juzi kimefuta manane. Tunaomba Dada Severa abaki. Barua ile tunaifuta. Tulikosea, tena kwa kauli moja, na kama kuna wa kuhamishwa, sisi tupo.

Ndugu Mgeni rasmi, mistari hii ya chini nimeiandika mimi Bushiri, kamati haijaiona. Mtoto wangu aliitwa Sabaha. Nilitaka Dada Severa awe wa kwanza kulisikia, ila sikuona namna nyingine ya kukuonyesha kazi yake.

Mungu akulainishie moyo kabla ya Jumatatu, na akufikishe nyumbani salama.

Ni sisi, mafundi wa Ushirika wa Sindano Moja,
Kariakoo, Dar es Salaam.