Pale Aliposimama Bwana Sogea

Ndugu, jamaa na majirani, mlio nyuma sogeeni mbele kidogo, nafasi ipo. Nimeanza na neno hilo makusudi. Marehemu baba yetu alilitumia maisha yake yote, mpaka watu wakamwita Bwana Sogea, na wengi wenu mliofika leo mmewahi kuambiwa naye msogee. Mimi ni binti yake wa kwanza, mshonaji. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu wadogo zangu machozi yao yako karibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu wa fundi saa, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la baba yake, mtaa wa nyuma ya soko. Dirisha la chumba kile lilitazamana na nyumba kuukuu ya matofali. Alipokuwa na miaka saba nyumba ile ilibomolewa asubuhi moja, na kufikia jioni hakuna aliyekumbuka sawasawa ilikuwa na madirisha mangapi. Bibi alisema manne, babu akasema sita, wakanuniana siku mbili. Marehemu alituambia kwamba kazi yake ilianzia kwenye ugomvi huo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1954, kisha sekondari hadi mwishoni mwa mwaka 1965. Walimu walimsifu kwa michoro na kumlaumu kwa mengine yote. Alijiunga na chuo cha ufundi, akajifunza uchoraji wa ramani na upigaji picha, na kupata cheti chake mwezi Desemba 1967.

Januari 1968 aliajiriwa kuwa mpiga picha wa idara ya ujenzi ya mji. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kiwanja kabla ya ujenzi na baada ya ujenzi. Wakubwa walitaka jengo jipya peke yake, liking'aa. Aliwapa walichotaka, halafu akapiga ya kwake: la zamani na jipya ndani ya picha moja, roshani ya mbao iliyopinda na ghorofa la vioo likichungulia nyuma yake. Kila Januari alirudi palepale, akapiga tena. Kwenye picha zake hakutaka kiumbe chochote. Msukuma mkokoteni akisimama kupumzika, marehemu alimsubiri saa nzima. Mlinzi wa benki alisogezwa. Paka alisogezwa. Picha alizitia kwenye bahasha za kaki na kila bahasha akaiandikia neno moja au mawili: Saa, Kinyozi, Benki, Ngazi za Maktaba. Alistaafu tarehe 30 Juni 2002, na bahasha zikahamia nyumbani na makabati yake manne, tukabaki kupita sebuleni kiubavu.

Mama alikutana naye mwaka 1974 mbele ya Jengo la Saa, lile la zamani lenye saa kubwa juu ya mlango. Mama, wakati huo mpiga chapa wa ofisi ya jirani, alisimama pale na mwavuli wake akisubiri jua lipungue.

"Dada, sogea kidogo," marehemu akamwambia.

"Nisogee mimi? Mimi nina miguu miwili, wewe unayo mitano. Sogea wewe."

Marehemu alihesabu miguu yake na ya stendi ya kamera, akakuta ni kweli, akasogea. Mashahidi wanasema hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho. Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1975. Kila Jumapili walitoka pamoja, yeye na kamera, mama na mwavuli, na kila Jumapili mama aliambiwa asogee.

Hapa nitasema jambo ambalo mama ameniruhusu kulisema. Mwaka 1998, akipanga vitu, mama alikuta bahasha nene, ya pekee aliyoiweka marehemu nyumbani wakati huo, imeandikwa Mwenzangu. Akaketi, akaifungua kwa furaha. Zilikuwamo picha sitini na tatu, zote za majengo. Yeye hakuwemo hata katika moja. Aliirudisha alikoitoa na hakumwuliza mumewe neno. Mimi aliniambia mara moja tu, tukianika nguo: "Baba yako alinioa mimi, lakini aliyapenda maghorofa." Aliishi na donge hilo miaka ishirini na mitano, na nyumba nzima picha yake ilikuwa ile moja ya harusi, iliyopigwa na mtu mwingine.

Tarehe 9 Februari 2023 marehemu alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja. Mnalijua. Akitaka maji alisema "sogea". Akitaka redio izimwe, "sogea". Tulicheka, na tukilia tulikwenda kulilia jikoni.

Mwezi Agosti mwaka huohuo alikuja dada mmoja, msanifu majengo. Roshani za Jengo la Saa zilikuwa zimeoza na kuanguka, naye alipewa kazi ya kuzirudisha kama zilivyokuwa. Aliomba picha. Tukafungua bahasha ya Saa kwa kujigamba, tukakuta jengo la vioo la upande wa pili wa barabara, na duka la kinyozi chini yake. Jengo la Saa lenyewe halikuwemo. Tukafungua ya Benki, benki haimo.

"Mzee alichanganya," mdogo wangu wa kiume akasema.

"Hakuchanganya," mama akajibu. "Hata mimi nina bahasha yangu, na simo."

Ndipo nikakumbuka utotoni, baba akichukua kofia yake mlangoni na kuaga: "Leo nasimama kwa kinyozi." Hakusema anakwenda kupiga nini. Alisema anasimama wapi. Nikaivuta bahasha ya Kinyozi, na humo Jengo la Saa lilikuwemo, mwaka baada ya mwaka, roshani zake zote, nguzo kwa nguzo. Marehemu hakuandika alichokiona. Aliandika aliposimama, ili Januari ijayo arudi palepale. Dada msanifu alishika kichwa kwa furaha, lakini mimi nilikuwa nikimtazama mama. Alikuwa amenyanyuka kwenda kuileta bahasha yake.

Alizipanga picha mezani. Katika kila moja, chini kabisa, kwenye lami, kulikuwa na vivuli viwili: kimoja cha mtu mwenye miguu mitano, na kando yake kimoja cha mwavuli.

"Huu mwavuli wangu," mama akasema.

Mtu yule ambaye hakuvumilia mkia wa paka alikiacha kivuli hicho mara sitini na tatu.

Mama aliingia chumbani alikolala baba, bahasha mkononi, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha. "Kumbe nilikuwemo," akamwambia. "Ulishindwa kusema, mwanamume wewe, wakati mdomo ulikuwa nao?" Marehemu akamtazama, akasema, "Sogea." Mama, kwa mazoea, akanyanyuka na kuondoka kwenye mwanga. Marehemu akatikisa kichwa. Akapigapiga godoro kando yake kwa mkono wa kushoto. "Sogea," akasema tena.

Tangu siku ile kiti kile hakikukaliwa na mama tena. Marehemu alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, bila maumivu, mama akiwa amekaa pale alipoonyeshwa. Tumehuzunika, lakini tusiwadanganye, tumeshusha pumzi pia. Yeye amepumzika na maradhi, na mama amepumzika na donge lake.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na roshani mbili mpya ambazo mkipita mjini mnaweza kuzitazama. Simameni kwa kinyozi, ndipo zinapoonekana vizuri.

Lala salama, baba. Nafasi ya kando yako tumemwachia mama, na hatuna haraka ya kumwambia asogee.