Bi. Girijamma na Homa Inayorudi Mara ya Pili

Bi. Girijamma anastaafu Januari 31, baada ya miaka thelathini na minne ya kukamata kupe katika kituo chetu cha homa ya msituni hapa Shivamogga. Mimi Huchchappa, dereva, niliishia darasa la tatu, na wamenistaafisha mara mbili nikakataa. Nimemwendesha miaka ishirini na sita, gari halijakwama. Mara moja tu, na tope lile lingemshinda hata tembo.

Kazi yake ilikuwa kuburuta kitambaa cheupe juu ya majani makavu, kupe wang'ang'anie, kisha awachomoe mmoja mmoja na kuwatia chupani. Wanawake wanaozoa majani ya kutandika zizini walimcheka: "Dada, unawafulia tumbili?" Akawajibu: "Ndiyo, na sabuni wanatoa wao. Nyie mmeleta nini?" Wakacheka, kisha wakakubali kupakwa miguuni dawa ya kufukuza kupe.

Maana tumbili akifa, kupe wake humhama wakatafute damu nyingine. Kirusi cha homa hii wanakibeba wao. Kikikuingia, kwanza kinawaziba mdomo walinzi wa mwili wasipige kelele, nacho kinazaana. Homa kali wiki nzima, chembe nyeupe za damu zinapungua. Halafu homa inashuka. Hapo ndipo watu wetu hukosea kila mwaka: wanaoga, wanashiba wali, wanarudi shambani. Kumbe kwa wengine inarudi baada ya wiki moja au mbili, safari hii kichwani. Shingo inakakamaa, mikono inatetemeka, mtu hamjui mkewe. Mimi niliyaona haya kabla ya madaktari, hawakuniandika tu.

Mwezi huu ilimshika Kerappa, mkwezi wa mipopoo kijijini Halemane. Homa iliposhuka akabeba mundu na kamba. Girijamma akaketi chini, akaegemea shina la mpopoo, hakubanduka.

"Mama, toka! Nimepona! Popoo zinaanguka!"

"Ziache zianguke. Ukianguka wewe, nani atakuokota? Kaa hapa tutafune tambuu."

Siku tisa, kila asubuhi, alikuwa pale. Mimi nilishindwa kukaa; nilizunguka gari nikipiga mateke matairi yasiyo na kasoro.

Siku ya kumi mikono ya Kerappa ilianza kutetemeka, naye yuko mkekani, si juu mtini. Nilimfikisha hospitali kwa dakika arobaini, barabara ya saa nzima na nusu, muulizeni yeyote. Dawa ya kukiua kirusi hicho hakuna. Ni maji, uangalizi, na mwili wenyewe upigane. Siku nne hakumtambua mtu. Jana alimwita mkewe kwa jina, akageuka akamwona Girijamma: "Huyu mama bado hajaniachia tu?"

Kwa hiyo msishangae kiti chake hapa mbele, kwenye sherehe ya kumuaga, ni kitupu. Yuko wodini kwa Kerappa. Dada, asante kwa miaka yote. Siku zako zilizobaki ziwe na afya na raha, na upumzike, ingawa wewe sikuamini. Shada lako la maua nakuletea mwenyewe sasa hivi, injini inanguruma.