Halimah Naigaga Aliyelikimbilia Lori la Miwa

Wasikilizaji wapendwa wa Jinja na Mbale, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Halimah Naigaga, muuza vitambaa wa soko la Nakaloke, aliyetutoka Jumanne. Tumkumbuke kwa furaha, maana mwenyewe alipenda kucheka.

Miaka kumi na minne iliyopita, kaka yake Muzafaru alimpigia simu kutoka Bugembe. Binti yake Nuriat, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa anadandia malori ya miwa. Lori likipunguza mwendo kwenye tuta, ananing'inia nyuma na kuchomoa miwa. Muzafaru alimchapa. Akaendelea. Alimchapa tena. Akaendelea kwa siri.

"Dada, njoo umchape wewe. Kumkanya binti ni kazi ya shangazi."

Ndiyo desturi yetu. Halimah akaja. Nuriat alimngojea amevaa sketi tatu, moja juu ya nyingine, ili fimbo isiume.

Lakini shangazi hakushika fimbo. "Twende unionyeshe," alisema.

Lori likaja, likapunguza mwendo. Halimah, mama mnene wa miaka hamsini, akakunja gauni lake refu la gomesi hadi magotini, akalikimbilia! Watu wakapiga kelele: "Hajati, wacha! Hajati!" Nuriat akamrukia, akamshika mshipi. Wote wawili wakaanguka matopeni.

"Shangazi, ungekufa!"

"Kumbe unajua," alisema Halimah, akihema. "Basi niambie, mwanangu. Unatafuta nini huko juu?"

Leo Nuriat anasimulia: "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia wenzangu wananiita mwoga. Na baba anaongea na mimi akiwa na fimbo tu."

Halimah aliyafikisha maneno hayo kwa kaka yake, tope likiwa bado usoni. "Fimbo yako imemfundisha kujificha, Muzafaru. Kaa naye. Kuleni pamoja."

Muzafaru alicheka alivyomwona. Jioni hiyo alimmenyea binti yake muwa kwa mkono wake mwenyewe, wakakaa mlangoni wakitafuna. Nuriat hakudandia lori tena.

Juzi, mazikoni Nakaloke, Muzafaru alisema: "Nilimwita aje amchape mwanangu. Mimi ndiye niliyefunzwa."

Pole Muzafaru. Pole Nuriat. Poleni nyote mliofiwa. Mwenyezi Mungu amlaze Halimah pema. Nasi wenye watoto, leo mtoto akichelewa kurudi, tumpe chakula kwanza. Halafu tumuulize alikuwa wapi, na tumwache amalize kusema.