Kibanda cha Hogla

Benchi letu la mawe liko ndani ya lango la Rama, upande unaopata kivuli baada ya adhuhuri, na wanaolikalia ni walewale: Kidole, mfumaji tunayemwita Nyuzi, Mzee Elasa na mimi. Mtungi wa divai iliyotiwa maji hutoka kwa Elasa, bisi za ngano kwa yeyote aliyegombana na mkewe akatoka nazo. Siku hiyo ilikuwa ya kwanza ya Sikukuu ya Vibanda, mwezi wa saba, na Elasa alikuwa amejenga kibanda kikubwa darini kwa ajili ya binti yake Hogla, aliyeolewa Betheli. Betheli ni mwendo wa asubuhi moja. Jua lilikuwa limeshapinduka, na Hogla hajatokea. Mwaka huo ufalme ulikuwa umegawanyika, Betheli kwa Yeroboamu, sisi kwa mwana wa Sulemani, na benchi letu halikuwa na habari nyingine.

— Atafika, alisema Elasa. Ana mtoto mchanga. Mwenye mtoto mchanga hatembei, anajikokota.

— Ufalme umevunjwa na kidole, alisema Kidole, na ndivyo alivyolipata jina lake. Nilikuwepo Shekemu. Watu wanaomba kazi za shokoa, za bure kwa mfalme, zipunguzwe, kijana wa Sulemani anajibu kidole chake cha mwisho kinene kushinda kiuno cha baba yake. Nilikiona, jamani. Cha kawaida tu. Ndiyo maana wahenga wakasema kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa anaingiaje hapo?

— Makabila kumi yameondoka, Nyuzi. Wewe vidole unavyo vingapi?

Nyuzi alitazama mikono yake kabla hajajua anachekwa.

— Acha kutupiga kamba. Kosa ni la vazi. Yule nabii wa Shilo kararua vazi vipande kumi na viwili, kumi akampa Yeroboamu, na vazi lenyewe jipya. Angechukua kuukuu, lingetatuka kwenye mshono, tungeshona yakaisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Vazi jipya, ufa umetoka wapi? aliuliza Kidole.

— Wewe muulize nabii.

Nikaona nami nisibaki nyuma.

— Ni nyani, nikasema. Sulemani alileta nyani kwa merikebu. Wale vijana washauri wa mwanawe wamekua nao, wamecheza nao, wamekula nao. Ulitegemea wamshauri nini mfalme?

— Hilo sasa lina akili, alisema Kidole.

Elasa hakucheka. Alikuwa anatazama njia ya kaskazini tangu mtungi ukiwa umejaa.

— Nani yule pale kwenye mizeituni?

Alikuwa Tirsa, muuza vyungu wa Betheli, na punda wake. Walinzi wa njiani humpitisha kwa sababu pande zote mbili zinapika.

— Amani kwenu, wazee wangu.

— Na kwako, mwanangu.

Akainua macho kwenye madari yetu, matawi mabichi kila nyumba.

— Mbona mmejenga vibanda?

— Swali gani hilo? alisema Kidole. Si sikukuu leo?

— Leo? Kwetu ni mwezi ujao, wa nane. Mfalme ametangaza.

— Kajitungia mwezi wake, alisema Nyuzi.

— Mwezi ni huuhuu, baba. Ulipoandama tuliuona wote.

Elasa aliweka bakuli chini.

— Unamjua Hogla, mke wa Zikri?

— Tunachota kisima kimoja. Mzima, na mtoto anaota meno. Ananenepesha mwanakondoo. Kaniambia, ukipita Rama mwambie baba asichelewe, mwezi ujao kibanda tutamjengea upande wenye upepo.

— Nisichelewe, alisema Elasa.

Mtu wa Rama kwenda kula sikukuu Betheli, mbele ya yule ndama wa dhahabu wa Yeroboamu, ni jambo ambalo sisi wenyewe pale benchini tulishaapa kumpigia mtu mawe. Na Hogla akija kwetu mwezi wa saba, mumewe atajibu nini kwa watu wa mfalme wake? Nilimwonea Elasa huruma, ila kiapo nilikuwa nimeapa na mimi.

Tirsa hakujua hayo. Alikuwa anakaza kamba ya vyungu.

— Sasa ninyi mle mwezi huu na sisi mwezi ujao, mtaonana lini?

Kidole alitazama vidole vyake. Nyuzi akajifanya anatafuta bisi iliyodondoka. Nyani wangu hawakunisaidia. Mtungi nao ulikuwa umekwisha, na mwenye kuujaza ni Elasa.

Elasa alisimama, akajipangusa magoti, akamgeukia Tirsa.

— Mwambie kibanda sibomoi.

— Mwezi ujao majani yatakuwa yamekauka, mzee, alisema Kidole, na safari hii hakuwa anatania.

— Najua. Mwambie aje na mabichi.