Mwalimu Ponirah na Uzito wa Majina

Jamaa, majirani na wanafunzi wa zamani mliojaa hapa Salatiga tangu asubuhi, familia inawaomba mtulie kidogo, msikilize maisha ya mama yetu, bibi yetu na mwalimu wenu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Ponirah, ingawa hilo silo alilopewa mwanzo.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1946, katika kijiji cha Tegalsari, akiwa mtoto pekee wa Mwalimu Sastrodiwiryo na mkewe, Bi Sutinah. Baba yake, aliyependa tenzi za kale za ikulu, alimwita Retno Kusumaningrat, yaani kito, ua la ulimwengu, jina lenye asili ya Kisanskriti lililozoea kuvaliwa na mabinti wa wafalme, lakini mtoto hakustawi, homa ikitoka kuhara kunaingia, na hata alipotimiza miaka mitatu alikuwa hajatembea. Nyanya yake akamwambia mkwewe bila kumficha, "Umembebesha gunia, na shingo yake haijakaza." Kwa hiyo, mwaka huo wa 1949, jina lilishushwa, ukapikwa uji mzito wa mchele, mwekundu kwa sukari ya mnazi na mweupe kwa tui, ukagawiwa majirani ili wawe mashahidi, na mtoto akaitwa Ponirah, kwa sababu tu alizaliwa siku ya soko la Pon, moja ya siku tano za soko katika kalenda yetu ya Kijava. Kabla ya mavuno alikuwa anakimbiza bata.

Alisoma shule ya msingi ya Tegalsari kuanzia mwaka 1953 hadi 1959, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1963 kwa jina la Marta, neno la Kiaramu lenye maana ya bibi mwenye nyumba, jina ambalo alisema lilimfikia likiwa na ufagio wake kabisa, na mwezi Desemba 1964 akahitimu mafunzo ya ualimu wa chekechea.

Alifundisha kuanzia tarehe 4 Januari 1965 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2001, na kila mwaka, wiki ya kwanza, aliwatuma watoto nyumbani wakaulize majina yao yana maana gani na yametoka lugha gani, hivyo Slamet akarudi na salama ya Kiarabu, Meilan akarudi na okidi nzuri ya Kichina, na Saut, mtoto wa Kibatak, akasimama juu ya benchi akatangaza, "Langu ni Limetimia! Baba alikuwa amechoka kupata wasichana!" Mwalimu akamjibu, "Haya, Limetimia, kaa chini, na kukaa nako kutimie." Saut yuko hapa leo, mstari wa tatu, na bado hakai.

Tarehe 20 Aprili 1968 alifunga ndoa na Bwana Suwarno, fundi seremala, ambaye siku hiyo, kama ilivyo desturi yetu, aliliweka kando jina la ujana akapokea la utu uzima, Hadisuwarno, na wakajaliwa watoto wawili, Kristanto, aliyezaliwa mwaka 1970, na Endah, aliyezaliwa mwaka 1974. Bwana Hadisuwarno alitangulia mwaka 1998.

Ijumaa, tarehe 11 Juni 2004, Kristanto, mhadhiri wa kemia, alipata mtoto wa kike, akamwita Maheswari Aurelia Beatrix. Bibi aliyachambua majina hayo pale pale mlangoni, akasema, "Mungu mke, dhahabu, na mleta furaha, vyote kwa kitoto kisichojaza hata mbeleko?" Walicheka wote. Lakini Januari 2005 mtoto alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, na Mama akamwomba mwanawe amshushie jina.

"Mama, ni bakteria, si jina."

"Bakteria mpe daktari. Jina niachie mimi."

"Mwanangu usimwingize kwenye mambo hayo. Nakuomba."

Mama akaenda kukaa jikoni, kwa maana aliona anaweza kumkosa mjukuu akinyamaza, na kumkosa mwana akitenda, na hakuna alichokiogopa zaidi ya hayo mawili. Ijumaa, tarehe 14, alitenda. Aliupika uji, akaugawa, akawaambia majirani kwamba mtoto sasa ni Wagini, kwa kuwa alizaliwa siku ya soko la Wage.

Majirani kwa upendo wao walikodi gari kesho yake asubuhi, wakafika hospitalini, wakaomba kumwona Wagini. Mhudumu akatazama vitanda vyote, akasema hana mtoto wa jina hilo wodini, na kwa kuwa kila mmoja alijua mtoto alivyokuwa mahututi, hakuna aliyeuliza la pili. Walirudi wakilia. Kufika saa sita mchana turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, sufuria za wali ziko motoni, na Mama ameketi sakafuni, hawezi kuinuka. Ndipo Kristanto alipoingia, amekuja kuchukua nguo safi.

"Nani amekufa?"

Bi Karsi, jirani, akamwangukia shingoni. "Wagini wetu! Masikini mwanao!"

"Wagini ni nani?"

Alipomwona mama yake, alielewa yote, akapiga magoti, akamshika uso, akasema, "Mama, yuko hai. Nimemwacha ananyonya." Kilio kikageuka kicheko, kicheko kikarudi kilio, hadi Bi Karsi akauliza, "Sasa wali wote huu tumpe nani?" Waliula. Kristanto alikula nao, akamsaidia mama yake kusimama, lakini akamwambia jina la mwanawe halibadiliki, na Mama akasema hakuomba libadilike kwenye karatasi. Mtoto alipona, na kwa miaka kumi na tisa baba alimwita Aurelia, bibi alimwita Wagini, na hawakugombana tena, ila jina lile halikupata kutoka kinywani mwa Kristanto, na Mama alilisubiri.

Februari 2024 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Ijumaa, tarehe 8 Novemba, alasiri, mjukuu wake aliwasili kwa treni kutoka Surabaya, na Kristanto akainama sikioni mwa mama yake, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefumbua macho, akamwambia, "Mama, Wagini amefika."

Alifumbua macho. Hakumtazama mjukuu kwanza, alimtazama mwanawe, kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi mpishe apite." Alifariki kesho yake, tarehe 9 Novemba 2024, saa mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka 78, ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru kwa moyo wote madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi yote hii, walimu wenzake, kanisa, na ninyi majirani, ambao mlimlilia mtoto wetu kabla ya wakati na kwa hilo hatujaacha kuwashukuru. Pumzika sasa, Mama, amani ikae nawe, umeitikiwa.