Mama Nakuleu, Aliyeifundisha Seva Kutorudia Kazi

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2013, Bi. Priscila Nakuleu alistaafu baada ya kulitumikia Shirika la Afya Tarach kwa miaka thelathini na miezi tisa. Wengi wetu tulimkuta hapa. Baadhi yetu hatukuwa tumezaliwa alipoajiriwa, na hilo alitukumbusha kila tulipojaribu kumfundisha kazi.

Aliingia kazini Lodwar tarehe 1 Machi 1983 kama mwendeshaji wa redio ya upepo. Kazi yake ilikuwa kupokea taarifa za zahanati zetu za mbali, Lokitaung, Namoruputh na kwingineko: nani anahitaji dawa gani, gari limekwama wapi, daktari anasubiriwa na nani. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, alihamishiwa huko na redio yake, akalala kwenye hema miezi mitano kabla ya kurudi Lodwar. Aliizoea redio kiasi kwamba hata simu za mkononi zilipokuja aliendelea kumaliza mazungumzo kwa kusema "ova", na mumewe, marehemu Mzee Lokwawi, aliwahi kutulalamikia kwamba hata nyumbani haruhusiwi kujibu kabla ya kulisikia neno hilo.

Mwaka 1998 shirika lilinunua kompyuta ya kwanza. Hakuna aliyetaka kuigusa, basi akapewa yeye, kwa hoja kwamba redio na kompyuta zote zina waya. Akasoma usiku na mchana, akapelekwa Eldoret kwa kozi ya wiki sita, akarudi akiwa fundi wa mtandao. Fundi gani! Mwaka 2006 barua pepe zilipokatika kwa siku mbili, makao makuu yalidai ripoti kamili. Bi. Nakuleu aliandika mistari miwili: "Chanzo cha hitilafu: mbuzi, ametafuna waya. Hatua iliyochukuliwa: tumeweka mlango." Ripoti hiyo bado imebandikwa kwenye chumba cha seva, na mlango bado upo.

Lakini wasifu huu hauwezi kuandikwa bila kueleza yaliyotokea mwaka 2012, na ninayeyaeleza nilikuwemo.

Mwezi Machi mwaka huo tulipata programu mpya ya kusimamia dawa. Seva, yaani kompyuta kuu ya programu hiyo, iliwekwa Lodwar, nyuma ya ghala la dawa ninalolisimamia, na kompyuta sita zikapelekwa zahanati ya Kakuma. Wazo lilikuwa zuri. Muuguzi wa Kakuma akibonyeza "agiza", kompyuta yake haifanyi kazi hiyo yenyewe. Inaiita seva ya Lodwar kupitia dishi la setilaiti na kuiambia: nifanyie. Seva inatoa dawa kwenye orodha, inarudisha jibu, na muuguzi anaona kana kwamba yote yamefanyika pale mezani kwake. Mafundi wa kampuni iliyotuuzia programu waliijaribu Lodwar, ikafanya kazi vizuri, wakapiga picha, wakapanda ndege.

Kakuma haikupata jibu hata moja.

Kampuni ilisema kwa simu kwamba tatizo ni setilaiti. Bi. Nakuleu hakubishana nao. Aliifungua faili ya mipangilio na kuisoma mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye kioo. Aligundua kwamba seva ilikuwa imepangwa kusikiliza kompyuta zilizo ndani ya ofisi ya Lodwar tu. Kisha akagundua la pili: kila mara seva ilipowashwa upya, ilichagua namba nyingine ya mlango wa kupokelea miito, na ngome ya mtandao ilizuia kila mlango isiyoujua. "Ni kama kumkaribisha mtu chakula kisha kumfungia geti," alisema. Akaiamuru seva isikilize kote, akaipa mlango mmoja usiobadilika, akaufungua mlango huo kwenye ngome. Siku iliyofuata, Didace, fundi wetu msaidizi aliyeikimbia Burundi na anayeishi Kakuma, alipiga simu akipiga kelele: "Mama, imeitika! Kweli imeitika!"

Tulishangilia, na mimi nikafanya kosa. Nilizikusanya kadi zangu za ghala, zile tulizokuwa tukiandika kwa mkono, nikazifungia kabatini. Kioo kilikuwa kinajua kila kitu.

Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2012, karibu saa nne asubuhi, Muuguzi Santino alinipigia kutoka Kakuma. Mwanamke aitwaye Ayen, mfanyabiashara wa kambini, alikuwa ameinua gunia la makaa nyuma ya duka lake, akaumwa kidole na nyoka aina ya kifutu.

"Sista Chelangat, mgonjwa iko hapa, mkono imevimba inapanda bega," Santino alisema. "Dawa ya nyoka ya kwetu imeisha jana. Kompyuta inasema hata Lodwar ni sifuri. Ni kweli?"

Niliangalia kioo changu. Sifuri.

"Ni kweli," nilimwambia. "Hatuna. Mtafutie gari la Kitale."

Kitale, mamia ya kilomita kwa barabara ile! Nilimsikia mtu akilia nyuma ya Santino. Ndipo Bi. Nakuleu, aliyekuwa amepiga magoti chini ya meza yangu akifunga waya, alipotoa kichwa.

"Umeangalia friji au umeangalia kioo?"

"Mama, programu inasema…"

"Nimekuuliza friji."

Alikwenda yeye. Nilisikia mlango wa friji ukifunguliwa, kisha sauti yake ikihesabu kwa Kiturkana. Alirudi na chupa nane za dawa ya sumu ya nyoka kwenye sanduku la baridi, akaniwekea mezani. Akaichukua simu mikononi mwangu, akasalimu kwa Kiturkana.

"Santino, ejok? Usimpeleke popote. Mlaze, mkono usichezeshwe. Dawa inakuja. Ova."

Dereva Ekai aliondoka dakika kumi baadaye. Wanaoijua barabara ya Lodwar kwenda Kakuma ya mwaka ule watanielewa nikisema hatukuondoka kando ya simu mpaka saa nane mchana, Santino alipopiga kusema dawa imeshaingia mwilini. Jioni uvimbe ulisimama. Ayen alilazwa siku sita, akatoka na mkono wake wote, kidole kikiwa kimekakamaa kidogo.

Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Bi. Nakuleu alinikuta, akanipa maji, akasema tutalia baadaye, sasa tutafute zilipopotea chupa nane.

Tulizitafuta pamoja. Jumatatu ya wiki ile kulikuwa na chupa kumi na mbili, na Santino aliagiza nne. Zilifungwa hizo nne tu, zikafika, zikatumika kwa wachungaji wawili wa mifugo walioumwa na nyoka. Zilitakiwa kubaki nane. Lakini kumbukumbu za seva zilionyesha agizo lile limeingia mara tatu. Mara tatu nne, kumi na mbili. Santino aliapa alibonyeza mara moja, na ni kweli.

Bi. Nakuleu alikaa na karatasi hizo mpaka chai yake ikapoa. Kompyuta ya Kakuma ilikuwa imepangwa kusubiri jibu sekunde tano tu, na setilaiti yetu, watu wakiwa wengi mtandaoni, huchukua hata nane. Jibu likichelewa, kompyuta iliona agizo limepotea njiani, ikalituma tena, na tena. Halikuwa limepotea. Seva, kwa utiifu wake wote, ilitoa dawa kila ilipoambiwa.

"Kwenye redio tulikuwa na ugonjwa huu huu," aliniambia. "Mtu wa Lokitaung hanisikii nikijibu, anarudia. Nikiandika mara mbili, gari linakwenda mara mbili. Ndiyo maana kila ujumbe ulikuwa na namba. Namba ikirudi, namjibu nililomjibu kwanza, siandiki kitu. Hii mashine haina namba?"

Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu. Aliizima programu nzima, Lodwar na Kakuma, akabandika karatasi mlangoni: "Nimeizima mimi. Inadanganya kuhusu dawa. P. Nakuleu." Uzinduzi rasmi ulikuwa umebaki wiki mbili, na wageni walishaalikwa. Meneja wetu wa wakati huo alimwita ofisini, na sauti ilisikika mpaka kwenye foleni ya wagonjwa.

"Nani amekupa ruhusa? Wageni nitawaambia nini?"

"Waambie wasubiri, bwana. Yule mama wa Kakuma angesubiri kioo, angekufa."

Alitoka na barua ya onyo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na barua ya pili ingetosha kumwondoa bila shukrani. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaomba kitabu cha maelekezo ya programu. Kilikuwa na kurasa mia tatu kwa Kiingereza kigumu. Siku ya nne, mahali fulani baada ya ukurasa wa mia mbili, aliligonga dawati kwa kiganja. Uwezo wa kutia namba kwenye kila agizo ulikuwemo tangu mwanzo. Mafundi walikuwa wameuacha umezimwa.

Haikutosha kuuwasha kwenye seva. Kompyuta inayoagiza nayo lazima ijue kutia namba, la sivyo seva haina cha kukumbuka. Basi akaweka godoro kwenye gari la Ekai, akaenda Kakuma siku tisa. Alizipanga kompyuta zote sita kwa mkono wake: anwani ya seva, mlango ule mmoja, kusubiri sekunde thelathini badala ya tano, na namba kwa kila agizo. Mbili zilikataliwa na seva, akakuta zina toleo la zamani la programu, akaziwekea jipya.

Halafu yakaja majaribio, ambayo Kakuma bado wanayasimulia. Alimweka Didace kwenye waya wa dishi na Santino kwenye kompyuta. Santino akibonyeza "agiza", Bi. Nakuleu alipaza sauti, "Chomoa!" na Didace akachomoa waya agizo likiwa njiani. "Chomeka!" Akachomeka. Kompyuta ikarudia kuita, nami Lodwar, simu sikioni, nikawa natoa chupa moja kwenye friji kwa kila agizo na kuhesabu mbele ya kioo na mbele ya friji, vyote viwili. Walifanya hivyo mara arobaini. Kufikia mara ya ishirini wagonjwa walikuwa wamejaa dirishani, na watoto walikuwa wakiitikia "Chomoa!" pamoja naye.

"Sista, imetoa ngapi?" Didace aliuliza mwishoni.

"Arobaini," nikasema. "Arobaini kamili, na friji inakubali."

Nilisikia vigelegele kwenye simu. Aliyevianzisha, niliambiwa baadaye, ni Ayen, aliyekuja kufunguliwa bendeji akakuta sherehe.

Uzinduzi ulifanyika Novemba badala ya Oktoba. Wageni walisubiri, na hakuna aliyekasirika. Baada ya kupitia kumbukumbu za mwezi mzima, meneja alisimama mbele ya wafanyakazi wote, akasema amekosea, akaomba barua ya onyo irudishwe aichane. Bi. Nakuleu alimpa. Mimi nami nilisimama siku hiyo nikasema kwamba aliyeliamini kosa lile bila kufungua friji ni mimi. Zile kadi za ghala zilitoka kabatini, na tangu hapo kila Jumatatu zinalinganishwa na kioo. Mpaka naandika haya, hatujapata tofauti ya chupa hata moja.

Mwaka wake wa mwisho aliutumia kutuandikia daftari kwa Kiswahili chepesi: seva imepangwaje, kompyuta za Kakuma zimepangwaje, na kwa nini kila mstari uko hivyo. Alimfundisha Didace mpaka Didace akaanza kumkosoa, naye akafurahi kama aliyezaa.

Wiki ya kustaafu aliomba sherehe ifanyike Kakuma. Tulikuwa katikati ya pilau, keki haijakatwa, umeme ulipozimika. Jenereta ikawaka, kompyuta zikawaka, lakini seva ya Lodwar haikuonekana. Watu wote tukamgeukia. Yeye akamgeukia Ayen, aliyekaa kando yake, akamwambia, "Niongezee nyama."

Didace aliondoka peke yake na daftari. Tulimsubiri. Bi. Nakuleu alitafuna taratibu, macho kwenye sahani, na mimi niliyekaa karibu niliona mguu wake ukicheza chini ya meza. Dakika kumi na mbili baadaye Didace alirudi, mikono ina vumbi la dishi, akavuta kiti.

"Imerudi?" mtu akauliza.

"Imerudi zamani," Didace akasema. "Keki iko wapi?"

Bi. Nakuleu alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge.

Sasa amehamia Kalemng'orok, karibu na binti yake, ambako ana nyumba ya mawe, mbuzi kumi na wanane na wajukuu wanne. Ametuonya tusimpigie simu kuhusu kazi, isipokuwa tukiwa tumeshasoma daftari.

Mama Nakuleu, kwa niaba ya Lodwar, Kakuma na zahanati zote ulizozisikiliza tangu enzi za redio, asante. Mvua ikunyeshee kwa wakati, mbuzi wako wazae mapacha, na uzee wako uwe mtamu. Umetuacha tukijua kazi. Pumzika sasa, mama yetu, pumzika kwa furaha.

Chelangat
Msimamizi wa ghala la dawa, Lodwar
Desemba 2013