Wasifu wa Marehemu Mama Karani, Aliyenyamaza Miaka Mitatu

Marehemu Mama Karani, kama wengi wenu mlivyomwita, alizaliwa tarehe 11 Machi 1958, mtoto wa tatu wa seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alianza kusema mapema na, kwa maneno ya shangazi yake, hakupumzika. Akitumwa kwa jirani kuomba chumvi, alirudi na chumvi pamoja na habari za nyumba tatu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971. Darasa la tano alihamishwa dawati mara nne kwa kupiga soga. Mara ya nne mwalimu alimkalisha karibu na meza yake, wakawa wanapiga soga wawili. Alimaliza sekondari 1975, akaenda chuo cha uhazili, alikofuzu kuchapa bila kutazama vidole.

Januari 1978 aliajiriwa kuwa karani wa shule ya sekondari ya mjini, akakaa ofisi ileile zaidi ya miaka ishirini: dirisha moja, taipureta, birika la chai na kabati la chuma. Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya ofisi hiyo, kisha akairudia mara tatu ingawa ilikuwa inawaka vizuri. Walijaliwa binti wawili.

Sasa ile kesi. Familia ilifikiria kuiruka, lakini mmeizungumza huko viti vya nyuma tangu asubuhi, kwa hiyo heri isomwe. Novemba 1999 bahasha ya mtihani wa mwisho ilikutwa imefunguliwa ndani ya kabati lile. Matokeo ya wanafunzi mia moja na kumi na wawili yalifutwa, akiwemo binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea. Ilisemwa funguo zilikuwa mbili, mmoja wa mwalimu mkuu na mmoja wake. Alikamatwa yeye.

Mpelelezi alimwekea karatasi na kalamu. "Mama, kama huna kosa unaogopa nini? Andika tu ilivyokuwa, urudi nyumbani."

"Sina la kusema mpaka wakili wangu awepo."

Wakili, bwana mfupi mwenye ofisi juu ya duka la viatu, alimweleza kwamba kunyamaza ni haki yake, na kwamba kuthibitisha kosa ni kazi ya waliomshtaki. Akaongeza: "Usiseme polisi, usiseme sokoni, hata nyumbani usiseme. Ukimwambia binti yako, kesho wanamwita ashuhudie."

Alipotoka kwa dhamana, binti alimuuliza jikoni, "Mama, ni wewe?" Mama aliendelea kuchambua mchele. Binti hakuambiwa sababu, na hakuuliza tena. Mwaka uliofuata aliurudia mtihani katika shule nyingine, akiwa na hasira ambayo hakumficha mtu.

Kesi ilichukua karibu miaka mitatu na kuahirishwa mara kumi na tisa. Shahidi wa saba wa upande wa mashtaka alikuwa fundi wa kufuli, aliyeitwa kueleza kwamba kabati halikuvunjwa. Wakili alimuuliza jambo moja tu: amewahi kuchonga funguo ngapi za kabati hilo? "Nne," fundi akasema. "Shule wakiniita, mimi nachonga." Mama mwenyewe hakutoa ushahidi, alinyamaza, kama sheria inavyomruhusu. Tarehe 9 Oktoba 2002 hakimu alimwachia huru, akasema wazi kwamba ukimya wa mshtakiwa si ushahidi wa kosa.

Mitaani hukumu ilikuwa nyingine. "Kama hakufanya, mbona hakusema?" Mumewe alichoka kujibu, akawa anasema, "Nendeni mahakamani mkasome jalada." Hakuna aliyekwenda. Shule haikumrudisha kazini. Alifungua kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, na wazazi walewale walimletea barua za watoto wao za kuomba kazi, naye akawasahihishia makosa bila kusema kitu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2018. Wiki ya mwisho alilazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Hapo ndipo binti alipouliza tena, baada ya miaka ishirini na moja. "Mama, ni wewe?"

"Si mimi."

"Nilijua."

"Hukujua," alisema kwa upole, akimshika mkono. "Siku niliyoachiwa nilifika nyumbani saa sita mchana. Nikakaa jikoni mpaka jioni, nakungoja uniulize. Kesi imeisha, ningekujibu. Ukapita ukaenda chumbani."

Binti alilia, na Mama akamwachia alie. Alifariki tarehe 22 Februari 2021, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, binti wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Mwenye swali lililobaki asimsumbue mzee. Amuulize binti mkubwa, ataambiwa palepale kwamba hakufanya. Mama apumzike kwa amani. Ameulizwa, na amejibu.